Upepo wa Breki Unapokataa Kujaa Kwenye Basi-Nyumba

Marekani na Kanada, basi la shule lililostaafu au basi la abiria la masafa marefu hununuliwa mnadani, viti vikang'olewa, vikaingia kitanda, jiko, bafu na matangi ya maji. Kinachobaki kama kilivyotoka kiwandani ni injini, ekseli na, kwa mabasi makubwa mengi, breki za upepo. Kisha siku moja mwenye basi anawasha injini, anasubiri, na mshale wa geji unagota kwenye psi 75. Au upepo unajaa vizuri mchana, lakini asubuhi matangi yote ni matupu. Akiuliza, hupata majibu matano kwa watu watano, na kila mmoja ana uhakika: kompresa imekwisha, kuna paipu inavuja, gavana ndiyo mbovu, geji inadanganya, ulitoboa kitu wakati unajenga jiko.

Hakuna jibu kati ya hayo lisilowezekana. Yote yana udhaifu mmoja: yanataja kifaa kabla ya kuuliza presha inapungua wakati gani. Mwenye basi anayefuata jibu la kwanza alilosikia huishia kununua vipuri vya bei kubwa na kurudi barabarani na tatizo lilelile, tena akiwa na imani kwamba amelimaliza. Kwenye gari la tani 10 na zaidi linalobeba familia na nyumba yao, imani hiyo ni hatari kuliko tatizo lenyewe.

Kanuni za mfumo huu ni zilezile anazozijua dereva wa basi la Dar es Salaam hadi Mwanza au la Nairobi hadi Mombasa, na Waswahili wengi walioingia kazi ya malori Marekani wameufanyia mtihani. Tofauti ni kwamba nyuma ya basi la abiria kuna kampuni, fundi na mkaguzi. Nyuma ya basi-nyumba yupo mwenyewe tu.

Upepo unapita wapi

Kompresa huzungushwa na injini, kwa gia au, kwenye baadhi ya mabasi ya zamani, kwa mkanda. Huvuta hewa, huikandamiza, na kuisukuma kupitia paipu ya chuma hadi kwenye draya, ambamo chengachenga maalumu hunyonya unyevu. Upepo ukitoka hapo huingia tangi la kwanza, kisha hugawanyika kupitia valvu za njia moja kwenda matangi mawili ya breki, kwa kawaida moja la nyuma na jingine la mbele. Gavana ndiyo inayoamua: presha ikifika karibu psi 125 inaiambia kompresa iache kusukuma, ikishuka hadi karibu psi 100 inairuhusu ianze tena. Kompresa yenyewe haisimami kamwe injini ikiwa inazunguka. Inachobadilisha ni kusukuma au kutosukuma.

Mgawanyo huo wa matangi mawili ulikuja na kanuni ya usalama ya Marekani namba 121, iliyoanza kutumika mwaka 1975. Lengo lake ni kwamba upande mmoja ukipoteza upepo, mwingine ubaki na uwezo wa kusimamisha gari. Mabasi yaliyotangulia kanuni hiyo, kama GMC PD-4104 na PD-4106 ya miaka ya 1950 na 1960 ambayo wapenzi wa basi-nyumba bado wanayatunza, yalitoka na mzunguko mmoja. Baadhi hayakuwa hata na breki ya springi. Ushauri unaotolewa kwa basi la mwaka 2000 hauwezi kuchukuliwa jinsi ulivyo na kutumiwa kwenye basi la namna hiyo, maana hapo upepo ukiisha, breki ya mguu nayo imekwisha.

Kwenye mabasi yenye breki ya springi mambo ni kinyume. Ndani ya busta (vyumba vya upepo vinavyosukuma breki) za magurudumu ya nyuma kuna springi nzito inayotaka kushika breki muda wote. Upepo ndio unaoizuia. Presha ikishuka hadi kati ya psi 45 na 20, springi inashinda na magurudumu yanashikwa. Wazo la kwamba kukosa upepo kufunge breki badala ya kuiachia ni la zamani: George Westinghouse alilitumia kwenye treni mwaka 1872, miaka mitatu baada ya hataza yake ya kwanza ya breki za upepo. Ni wazo jema, lakini limewapa wengi faraja isiyo sahihi. Springi haisubiri dereva achague mahali. Inaweza kushika katikati ya barabara kuu, kwenye kona au juu ya reli.

Namba zinazotofautisha kero na hatari

Mwongozo wa leseni ya udereva wa magari ya biashara wa Marekani unatoa vipimo ambavyo kila mwenye basi-nyumba angepaswa kuvijua, hata kama sheria ya jimbo lake haimdai. Kwa gari moja lisilo na tela, injini ikiwa imezimwa na breki zimeachiwa, presha isipungue zaidi ya psi 2 kwa dakika moja. Pedali ikikanyagwa na kushikiliwa, isipungue zaidi ya psi 3 kwa dakika. Kwenye mfumo wa mizunguko miwili, injini ikizunguka kwa kasi ya kazi, presha ipande kutoka psi 85 hadi 100 ndani ya sekunde 45. Mabasi ya zamani ya mzunguko mmoja yanatakiwa kupanda kutoka 50 hadi 90 ndani ya dakika 3. King'ora na taa ya onyo viwake kabla presha haijashuka chini ya takriban psi 60; kwenye mabasi makubwa ni kawaida onyo kuanza mapema zaidi, kati ya 80 na 85.

Namba hizi zikisomwa vizuri zinaondoa sehemu kubwa ya ubishi. Chukua swali linalowagawa watu zaidi ya mengine: je, basi linaloamka tupu ni bovu? Upotevu wa psi 2 kwa dakika unaruhusiwa. Kwa mwendo huo, basi lililojaa psi 120 linaweza kupoteza sehemu kubwa ya upepo wake ndani ya saa chache, na bado likafaulu mtihani. Kwa hiyo anayesema basi tupu asubuhi lazima liwe na hitilafu ya hatari amezidisha. Anayesema hiyo ni tabia tu ya mabasi ya zamani naye amepunguza. Uvujaji mdogo unailazimisha kompresa isukume mara nyingi zaidi. Kompresa inayosukuma mno hupata moto. Yenye moto hupitisha mafuta. Mafuta yakiungua hugeuka masizi ndani ya paipu ya kutolea upepo na kuharibu chengachenga za draya. Draya ikifa, maji huingia matangini na kwenye valvu. Uvujaji uliovumiliwa miaka miwili ndio mara nyingi unaozaa kompresa mbovu ya mwaka wa tatu.

Lakini kuna uvujaji mmoja usiostahili mjadala: ule unaotokea pedali ikikanyagwa. Upepo unaopotea gari likiwa limeegeshwa unampotezea mwenyewe muda. Unaopotea wakati wa kufunga breki unampokonya kile anachokihitaji wakati huohuo.

Wanaosema kompresa imekwisha

Hoja yao ina nguvu pale dalili zinapokubaliana: presha inapanda polepole mno, hakuna mlio wa upepo popote, matangi yakifunguliwa chini yanatoa mafuta meusi, na injini ikizimwa upepo uliomo unakaa bila kushuka. Hapo uhifadhi ni mzima na tatizo liko kwenye uzalishaji. Ringi zilizolika au valvu za ndani zilizochoka hupunguza kiasi cha hewa kinachosukumwa, na umri wa basi unafanya jambo hilo liaminike kirahisi.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba vitu vingine vinaiga kifo cha kompresa kwa ukamilifu. Chujio la hewa lililoziba huinyima pumzi. Paipu ya kutolea upepo iliyojaa masizi huibana upande wa pili. Mkanda uliolegea huteleza. Mtambo mdogo wa kuifanya iache kusukuma ukikwama, kompresa nzima kabisa itazunguka siku nzima bila kutoa kitu. Mazingira nayo yana mchango: barabara kuu ya I-70 huko Colorado inapita handaki la Eisenhower, lililo karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ya huko ni takriban theluthi mbili tu ya ile ya pwani. Kompresa iliyokuwa inatosha Texas huonekana dhaifu mlimani bila kuharibika lolote.

Kubadilisha kompresa ni kazi ghali zaidi kwenye orodha yote hii, na kwenye mabasi yenye injini nyuma huenda ikadai kufungua vitu vingi kabla ya kuifikia. Kwa sababu hiyo inapaswa kuwa hukumu ya mwisho. Anayeibadilisha bila kusafisha au kubadilisha paipu yenye masizi, tena bila kuziba uvujaji uliokuwa ukiichosha, ameiweka kompresa mpya kwenye njia iliyoiua ya zamani.

Wanaoanza na povu la sabuni

Kundi la pili linabeba chupa ya maji ya sabuni na kupuliza kwenye kila kiungio. Hawa wana faida kubwa: gharama yao ni ndogo, na mara nyingi wanapata kitu. Basi la miaka 25 lina viungio vingi, diaframu za busta, valvu za kusawazisha bodi, mifuko ya suspensheni na mipira iliyokauka. Povu linapofura, hakuna anayebisha.

Tatizo ni kwamba wanaokota uvujaji wowote na kuuita sababu. Kiungio kinachotoa mapovu madogo hakiwezi kuizuia kompresa nzima isipite psi 75. Tena wengi hupuliza sabuni wakiwa wamelifunga basi kwa breki ya kuegesha, hali ambayo sehemu kubwa ya mfumo haina upepo. Diaframu ya upande wa springi hupata upepo breki ya kuegesha ikiwa imeachiwa. Diaframu ya breki ya kawaida hupata upepo pedali ikiwa imekanyagwa. Anayesikiliza katika hali moja tu hupita juu ya nusu ya washukiwa.

Kuna njia inayoipa nguvu kazi ya kundi hili, nayo haitumiki vya kutosha: kujaza mfumo kwa kompresa ya nje. Mabasi mengi ya masafa marefu yana mdomo wa kuingizia upepo kwa ajili ya kukokotwa. Injini ikiwa imezimwa na mfumo ukishikiliwa kwenye psi 100 na ushee, masikio husikia kile ambacho injini ya dizeli huwa inakimeza. Hasara yake ni kwamba upepo huo haukupita kwenye draya, kwa hiyo huingiza unyevu; matangi yafunguliwe yatoe maji baadaye. Na usafi wa jaribio ndio mpaka wake pia: linaonyesha uvujaji tu, haliambii lolote kuhusu kompresa ya basi.

Gavana, draya na geji

Wapo wanaopendekeza kuanza na vya bei nafuu. Gavana ni kijikopo kidogo kinachofungwa kwa boliti mbili, na kubadilishwa kwake ni kazi ya muda mfupi. Ikichoka, inaweza kuikata kompresa mapema kwenye psi 90, au isiiruhusu ianze tena. Alama yake ni kwamba presha hugota mahali palepale kila mara, na mlio wa kompresa hubadilika hapo. Mshale ukigota leo kwenye 70, kesho 85 kutegemea kasi ya injini, gavana haihusiki sana.

Draya ina alama yake. Presha ikifika juu, hupiga pumzi moja kubwa na kunyamaza. Ikiendelea kutoa upepo nje muda wote kompresa inaposukuma, valvu yake ya chini haikai, labda kwa uchafu, labda kwa barafu. Hapo kompresa inasukuma kwa bidii na upepo unaishia barabarani. Ni hitilafu ya kawaida kwa basi lililokaa miezi mingi bila kuwashwa.

Geji nayo isidharauliwe. Mabasi mapya kiasi hutumia sensa za umeme, na ugeuzaji wa basi huchezea nyaya na ardhi ya umeme kuliko kitu kingine chochote. Kupima presha ya tangi kwa geji ya mkono inayoaminika ni jambo la dakika kumi, nalo linapaswa kutangulia kila uamuzi wa kununua. Lakini upande wa pili wa hoja hii unatisha: ni rahisi mno kwa mtu mwenye haraka kujiridhisha kwamba geji inadanganya. Geji ihesabiwe kuwa mkweli hadi geji ya pili iishuhudie kinyume.

Sera ya kuanza na vya bei nafuu inavutia, na kwa gavana naielewa. Ikigeuka mazoea, hata hivyo, gavana, kisha draya, kisha valvu, kisha sensa hufika jumla inayokaribia kompresa, bila mtu kujifunza chochote kuhusu ugonjwa.

Mkono wa aliyejenga nyumba

Hapa ndipo basi-nyumba linapoachana na basi la kawaida, na hapa ndipo washauri waliozoea malori hukosea kwa kukosa habari. Paipu za nailoni za upepo hupita chini ya sakafu na pembeni mwa fremu, mahali palepale panapofungwa matangi ya maji taka, jenereta na sanduku za betri. Skrubu ndefu ya kabati inaweza kuigusa paipu na kuiacha bila kuitoboa. Mtikisiko wa barabara utamaliza kazi baada ya miezi. Cheche za kuchomelea huyeyusha nailoni. Ekzosi ya jenereta iliyopita karibu huilainisha paipu hadi ipasuke siku ya joto kali. Povu la kuzuia baridi lililopuliziwa chini ya sakafu hufunika viungio, na uvujaji uliozikwa humo husikika mbali na pale ulipo.

Kisha kuna vifaa vilivyoongezwa: milango ya ndani inayofunguka kwa upepo, ngazi, honi kubwa, viti, mfumo wa kulisawazisha basi kwenye uwanja wa kambi. Kila kimoja ni mdomo unaokunywa kutoka tangi. Kiwandani, vifaa vya pembeni hulishwa kupitia valvu ya ulinzi inayojifunga presha ikishuka, ili breki zibakiwe na upepo wake. Mjenzi aliyechomeka kifaa moja kwa moja kwenye tangi la breki ameuondoa ulinzi huo. Mbaya kuliko hapo ni viungio vya mabomba ya maji kutoka duka la vifaa vya ujenzi kutumiwa kwenye upepo wa breki. Paipu za breki Marekani zina viwango vyake, na viungio vyake huwa na kijibomba cha ndani kinachoizuia nailoni isibonyee. Kiungio cha maji kinaweza kushika leo na kuchomoka kesho pedali ikikanyagwa kwa nguvu.

Wanaoulaumu ugeuzaji, basi, wana sababu nzito. Ila nao huruka mpaka. Basi lililostaafishwa na wilaya ya shule au kampuni ya usafiri mara nyingi liliuzwa likiwa limekaribia matengenezo makubwa. Muda wa kuanza kwa tatizo ndio mwamuzi: lililotokea wiki chache baada ya ujenzi linaelekeza kwa mjenzi; lililokuwa likikua taratibu tangu siku ya kununua linaelekeza kwa umri.

Kwa nini mshale hugota pale unapogota

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko ni kuamini kwamba lazima kosa liwe moja. Uvujaji huongezeka kadiri presha inavyopanda, wakati uwezo wa kompresa iliyochoka hupungua kadiri inavyosukuma dhidi ya presha kubwa. Mshale hupanda hadi viwili hivyo vilingane, kisha husimama. Psi 75 kwenye geji ni mahali pa makutano. Kompresa nzima yenye uvujaji mkubwa inaweza kusimama hapo, na kompresa mbovu yenye uvujaji mdogo pia. Ndiyo maana watu wawili wenye namba ileile hupona kwa tiba tofauti, na kila mmoja anakuwa mhubiri wa tiba yake.

Nyumba ikikosa maji kwenye pipa, mwenye akili huuliza kwanza kama bomba halitoi au pipa linavuja. Swali hilo hujibiwa kwa saa ya mkononi na geji, bila kufungua boliti hata moja.

Magurudumu yawekewe kabari kwanza. Mfumo ujazwe hadi kompresa iache kusukuma. Ikishindwa kufika huko, ujazwe kutoka nje. Injini izimwe, breki ya kuegesha iachiwe, mshale utazamwe kwa dakika. Kisha pedali ikanyagwe na kushikiliwa, utazamwe tena. Kisha breki ya kuegesha ivutwe na basi liachwe. Kushuka kunakotokea breki ya kuegesha ikiwa imeachiwa tu kunaelekeza upande wa springi na valvu zake. Kushuka kwa pedali kunaelekeza valvu ya pedali, valvu ya rilei au diaframu za breki ya kawaida. Kunakoendelea katika hali zote tatu kunaelekeza matangi, paipu kuu na vifaa vya pembeni. Hapo vifungwe kimoja baada ya kingine. Kwenye geji yenye mishale miwili, mshale unaoanguka peke yake umeshataja mzunguko wake.

Jaribio moja lililosahaulika ni la valvu za njia moja. Mfumo ukiwa umejaa na injini imezimwa, tangi la kwanza lifunguliwe chini hadi liishe. Matangi ya breki yasishuke. Yakishuka, valvu ya njia moja imechoka, na maana yake ni kwamba siku paipu ya kompresa itakapopasuka barabarani, upepo wa breki utarudi kinyume na kupotelea huko. Basi linaweza kuwa na presha safi kila siku huku likiwa na ubovu huu. Kwa maoni yangu hili ndilo jaribio la kwanza ambalo mnunuzi wa basi la zamani angepaswa kulidai kabla ya kulipa.

Mfumo ukishikilia katika hali zote, ndipo upande wa uzalishaji uchunguzwe, kuanzia chujio, mkanda, gavana, draya na paipu yenye masizi, na kompresa iwe ya mwisho.

Anayebadilisha vyote

Kuna msimamo wa tano, wa mwenye fedha au mwenye hofu: ng'oa vyote vya zamani, weka vipya. Haustahili dharau. Diaframu, mipira na draya vina umri wake, na basi lenye historia isiyojulikana hufaidika na usafi wa namna hiyo. Gharama yake iliyofichika ni kwamba kila kiungio kipya ni nafasi mpya ya kukosea, na aliyebadilisha vitu kumi kwa wakati mmoja akisikia mlio mpya hajui aanzie wapi. Kwa basi la zamani sana la mzunguko mmoja, nadhani msimamo huu ndio sahihi, na ukienda hadi kuongeza mzunguko wa pili na breki za springi kwa mikono ya fundi mzoefu ni bora zaidi. Kwa basi la baada ya 1975 lenye kumbukumbu za matengenezo, vipimo vinatosha kuongoza.

Nani aguse, nani asiguse

Sheria za shirikisho la Marekani za ukaguzi wa kila mwaka zinalenga magari ya biashara. Basi-nyumba la binafsi huwa nje yake, na majimbo mengi hayamdai mwenyewe leseni ya kibiashara. California hudai leseni ya daraja la B isiyo ya kibiashara kwa nyumba ya magurudumu inayozidi futi 40. Ontario, Kanada, humdai dereva wa gari lenye breki za upepo kibali cha alama Z. Kwingine mtu huweza kununua basi la futi 40 leo na kuliendesha kesho bila kuulizwa king'ora cha presha kinalia kwenye namba gani. Uhuru huo una watetezi wake, na wanasema kweli kwamba wengi wao ni waangalifu kuliko madereva wa kuajiriwa. Bado naona Ontario imeweka mpaka mahali panapostahili, kwa sababu kilo na kasi havijui kama safari ni ya biashara au ya likizo.

Kupima, kupuliza sabuni, kubadilisha gavana, chengachenga za draya na paipu za vifaa vya pembeni ni kazi ambazo mtu makini anaziweza. Kazi mbili zina vifo ndani yake. Busta ya springi isifunguliwe upande wa springi kwa hali yoyote. Nguvu iliyofungiwa humo inaua, na mafundi wa malori huibadilisha nzima. Na basi lenye suspensheni ya upepo hushuka ghafla upepo ukitoka. Anayelala chini yake kutafuta mlio anatafuta kitu kilekile ambacho kikizidi kitamwangushia bodi. Jeki pekee haitoshi. Fremu ishikiliwe kwa vyuma vya kuzuilia vinavyostahimili uzito wake.

Pia kuna jambo dogo linalowapoteza wenye mabasi ya zamani ya MCI na Prevost. Baadhi yalikuja na busta za aina ya DD3, ambazo hujifunga kwa vigurudumu vya ndani. Kuziachia, presha iwe kamili, kitufe kisukumwe na pedali ikanyagwe kwa nguvu. Asiyejua hudhani breki imekwama kwa kukosa upepo, na hufungua vitu vizima.

Uamuzi

Kati ya misimamo hii, wa povu la sabuni uko karibu zaidi na haki, ila tu ukitanguliwa na saa na geji na ukifanywa katika hali zote tatu za breki. Wanaoulaumu ugeuzaji wasikilizwe mapema kuliko wanavyosikilizwa sasa. Wa kompresa wasubiri zamu yao.

Yapo mambo yasiyohitaji kusubiri fundi. Ukiona presha haifiki mahali pake, king'ora hakilii kabla ya psi 60, au mshale unashuka zaidi ya psi 3 kwa dakika ukiwa umekanyaga pedali, basi hilo lisitoke uwanjani. Lala humo, pika humo, piga simu kwa fundi wa malori aje au uagize gari la kukokota. Na kama umeshalinunua basi na hujawahi kufanya vipimo hivi, vifanye kabla ya safari ijayo, kisha uviandike kwenye daftari linalokaa karibu na usukani, ili utakapoona namba imebadilika ujue imebadilika kutoka wapi.